Rufani Iliyotupiliwa Mbali Haikuwa Yangu

Admin, lifiche jina langu, na la kaka yangu pia. Nina miaka sabini na mmoja. Nimezaliwa Pito, hapa Sumbawanga, lakini zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi Urambo kwa sababu ya maneno matatu niliyoyaelewa vibaya.

Baba alipofariki, baba mdogo alilidai shamba nililoachiwa, la mahindi na ulezi. Mahakama ya mwanzo ilinipa haki, naye akakata rufani wilayani. Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa Kiingereza. Kaka, msomi wa nyumba yetu wakati ule, akaniinamia: "Rufani imetupiliwa mbali. Twende."

Mimi nilidhani rufani ni kesi yenyewe, yangu na ya baba mdogo. Nikajua nimeshindwa. Sikuuliza, sikuomba nakala. Wiki hiyohiyo nilipanda lori la kwenda Urambo. Baadaye kaka aliniandikia kwamba amepatana na baba mdogo, na shamba sasa analima yeye. Nikashukuru kwamba angalau limebaki kwetu.

Mwezi uliopita kaka, ambaye sasa ana miaka themanini, alinipigia. "Mdogo wangu, njoo. Nataka shamba lipimwe, niwaandikie wajukuu. Pitia mahakamani uulizie ile hukumu, wewe mpenda makaratasi."

Nilikwenda juzi. Karani, binti mcheshi, akaniamkia shikamoo, akasema, "Faili la zamani hivi, mzee, tuombe panya wametuachia hata jalada." Walikuwa wameliacha zima. Akauliza, "Wewe ni nani humu?"

"Ni yule aliyeshindwa."

Akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Mzee, wewe ni mjibu rufani. Mrufani ni huyu mwingine, na rufani iliyotupwa ni yake. Wewe ulishinda mara mbili."

Nikamuuliza kama ningeweza kuiona hukumu hii miaka yote hiyo. "Ungeandika barua tu ya kuomba nakala. Hukumu si siri."

Nikiwa kwenye benchi la nje nasubiri nakala yangu, kaka akapiga simu. "Umeipata?"

"Bado wanatafuta," nikamdanganya.

Akasema, "Kama faili limepotea, basi. Usijisumbue."

Tangu hapo sentensi hiyo hainitoki. Huenda alinihurumia uzee wangu. Huenda alipumua kwa kuwa hukumu haijaonekana. Na kama alijua, kwa nini anitume mimi mwenyewe?

Nimefikia kwake. Nakala iko chini ya godoro ninalolalia. Mkwewe ananipikia, wajukuu wake wananigombania, na wao ndio watakaoandikiwa shamba. Keshokutwa kuna kikao cha ukoo, nami natakiwa kuweka sahihi kama shahidi kwamba shamba ni la kaka.

Sitaki kuwafukuza watoto. Nataka kujua kama kaka alinikosea au nilijikosea mwenyewe, na yeye peke yake ndiye anayejua. Nimuulize tukiwa wawili, niisome hukumu mbele ya ukoo, au nisaini nirudi Urambo? Nishaurini wanangu, na msinifiche ukweli.