Mjomba Alisema Ameshachanja

Mama yangu ana figo zilizochoka na pafu moja lenye makovu ya kifua kikuu alichougua kabla sijazaliwa. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asidhani nilikuwa mkorofi bila sababu. Korona ilipoingia Dar es Salaam tulikuwa tunaishi wawili tu katika nyumba ya familia, Ilala, na daktari wake aliniambia bila kuzunguka kwamba akiupata ugonjwa ule hatatoka. Nikafunga mlango. Nchi haikutufungia ndani. Mimi ndiye niliyemfungia mama yangu.

Kwangu halikuwa jambo gumu. Ofisi iliniruhusu kufanyia kazi nyumbani, mshahara ukaendelea kuingia kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kuwa nilipita chuo kikuu nilikuwa na imani kubwa kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka. Imani hiyo ilinidumu wiki tatu hivi.

Aliyeivunja ni mjomba, mdogo wake mama, wawili hao wakiwa ndio waliobaki hai katika watoto sita wa bibi yangu. Mjomba ana duka la jumla la kanga na vitenge Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, na ratiba yake ilikuwa haijabadilika tangu nikiwa shule ya msingi: akishaswali alasiri huwaachia wauzaji wake duka, anakuja Ilala kwa miguu, anaketi chumbani kwa dada yake, wanakunywa kahawa ya tangawizi na kuwasengenya ndugu waliokwishakufa. Alasiri moja nilimkuta barazani akivua viatu, nikamwambia kwamba kwa sasa ingekuwa vizuri wasalimiane kwa simu.

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayerudisha kitambaa kilichokwisha kukatwa. "Nimpigie simu dada yangu," alisema, "na mimi niko mlangoni kwake?"

Sikurudi nyuma. Alivaa viatu, akaondoka. Mama alikuwa amesikia kila neno kutoka chumbani, lakini hakusema kitu, na mimi nikauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Baada ya hapo nikawa naenda dukani kwake kila Jumamosi kumwelimisha. Neno hilo naliandika kwa aibu, lakini ndilo nililokuwa nalo kichwani nikipita katikati ya wachuuzi na mafurushi, nimevaa barakoa mbili. Mjomba alinipokea kwa heshima zote, akaitikia shikamoo yangu, akanisogezea kiti, kisha akanigeuza kichekesho cha mtaa.

"Barakoa walivaa bibi zetu wasitazamwe na wanaume," aliniambia mbele ya wateja wake, kinamama wa Songea waliokuwa wakichagua doti. "Wewe, mjomba, nani anakutazama?"

Kinamama wale walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya robota. Na kwa kweli neno lenyewe lilikuwa upande wake. Kabla ya ugonjwa ule, kwa mtu wa pwani wa umri wake, barakoa ilikuwa ni kile kifuniko cha uso cha wanawake wa zamani. Serikali ilipolichukua neno na kulipa kazi mpya, hakuna aliyekuja kumwomba ruhusa.

Katika suala la kufungia watu ndani alinishinda kabisa, nami sikukiri. Alisema watu wa kufungiwa ni wale wenye friji iliyojaa. Mpangaji wa Buguruni anayelala na wenzake watano katika chumba kimoja, ukimfungia ndani umemfungia pamoja na ugonjwa. Nilimjibu kwa kumwonyesha mchoro kwenye simu yangu. Jirani yake wa duka, mfanyabiashara wa masufuria kutoka Kilimanjaro na mzee wa kanisa, alikuja kuutazama mchoro ule, akasema mistari imechorwa vizuri sana. Huyu jirani hakubishana na mtu yeyote. Alivaa barakoa, alinawa, alijifukiza majani ya mchaichai na mwarobaini chini ya blanketi, alisali, na alikunywa tangawizi na malimao mpaka akapata vidonda vya tumbo. Nilimdharau kwa kutochagua upande. Leo sina uhakika kama kati yetu watatu yeye hakuwa ndiye mwenye akili.

Kisha ukafika ule wakati ambao ugonjwa ulikuwapo lakini jina lake halikutajwa. Misiba iliongezeka mtaani, turubai zikifunguliwa huku, nyingine zikifungwa kule, na kila nilipouliza marehemu alikuwa na nini niliambiwa alipata changamoto ya upumuaji. Changamoto ni neno tulilokuwa tukilitumia ofisini printa ikigoma. Mjomba alihudhuria mazishi yote. Alibeba majeneza, aliosha maiti wa ndugu zake katika imani, aliketi matangani bega kwa bega na wenzake, kisha akanipigia simu kuuliza hali ya dada yake na kunikumbusha kwamba yeye bado mzima. Nilikuwa nakata simu kwa hasira. Kila alipopona siku moja zaidi, hoja yangu ilidhoofika siku moja zaidi.

Chanjo ilipofika nilidhani ubishi umekwisha. Mama alichanjwa katika watu wa mwanzo, nami siku ileile, japo lazima niseme ukweli kwamba usiku uliotangulia nilisikiliza sauti zile za WhatsApp zote, za chanjo kuleta utasa na kunatisha sumaku mkononi, kwa makini ambayo nisingependa mjomba ayajue. Daktari alinitahadharisha kwamba mwili wa mama huenda usiipokee chanjo vizuri, kwa hiyo usalama wake utategemea zaidi watu wanaomsogelea. Siku hiyohiyo nikampelekea mjomba masharti yangu: achanje, na mlango uko wazi.

Alikataa kwa miezi miwili. Sababu zilibadilika kila Jumamosi. Nikiiondoa moja, nyingine ilikuwa imekwisha kukaa kwenye kiti chake. Kisha Ijumaa moja baada ya swala alikuja barazani kwetu, kanzu nyeupe, manukato, uso wa mtu aliyekubali kushindwa kiungwana.

"Mjomba, nimeshachanja," alisema. "Nipishe."

Nilimuuliza mkono gani, akasema wa kushoto. Nilimuuliza kama uliuma, akasema uliuma na ukavimba kidogo. Akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba aliyemchanja ni mtaalamu kwelikweli, mtu mwenye mkono mwepesi. Sikumwomba cheti. Msomaji aliyelelewa kwetu ataelewa: kumwambia mjomba wako, mzee wa miaka sabini, akuonyeshe karatasi ni kumwita mwongo mlangoni kwa dada yake. Lakini nisijifiche nyuma ya adabu. Nilikuwa nimechoka. Alinipa neno nililolitaka, na sikutaka kulipekua.

Akaingia. Kutoka ukumbini nilimsikia mama akicheka, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, na nikajipongeza.

Miezi mitatu baadaye mjomba akaanza kukohoa. Alijificha siku nne. Siku ya tano mke wake alinipigia, nikaenda na teksi, nikamkuta amekaa kitandani akivuta pumzi kwa mabega. Hospitalini walimwekea oksijeni, na muuguzi mwenye daftari akaniuliza kama mzee amechanjwa. Nilisema ndiyo kwa fahari, kama mtu anayetaja shahada ya mwanawe. Akauliza lini na katika kituo gani. Nikamgeukia mjomba.

Mjomba hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Alikunja taratibu mkono wa kushoto wa shati, akaonyesha juu kidogo ya kiwiko. Palikuwa na mistari mitatu myembamba, sambamba, myeusi kwa unga uliosuguliwa ndani ya ngozi. Chale.

"Nani alikuchanja, mjomba?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Mtaalamu," alisema. "Wa Buguruni."

Muuguzi hakucheka wala hakushangaa. Aliandika kitu kwenye daftari, akaniambia si wa kwanza. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha gari la wagonjwa. Kila alichoniambia kilikuwa kweli. Amechanjwa, mkono wa kushoto, uliuma, ukavimba, na aliyemchanja anaitwa mtaalamu na kila mtu anayemwendea. Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa sindano ya serikali, kwa wembe wa mganga na kwa shoka la kuni, na mimi, ninayeishi kwa kuandika ripoti, nilikuwa nimebishana mwaka mzima kuhusu neno bila kuhakikisha kama tunazungumzia kitu kimoja. Nilipomtuhumu baadaye kwamba alinidanganya, alishangaa kwa dhati. Nilimtaka achanje, alichanja. Kama nilitaka sindano, ningesema sindano.

Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kufikiria maneno. Mjomba alikuwa ameketi chumbani kwa mama siku moja tu kabla ya kuanza kukohoa.

Nilimpima mama joto asubuhi na jioni. Nilimsikiliza akilala. Kila alipokohoa, na mtu mwenye pafu lile hukohoa siku zote, niliacha nilichokuwa nakifanya nikasimama mlangoni mwake kama askari. Siku ya kumi na nne ilipita. Hakuwa na homa, hakuwa na kitu. Mjomba naye alitolewa oksijeni baada ya siku tisa, amekonda, sauti imepungua nusu, na kitu cha kwanza alichomwambia jirani wa masufuria kwa simu ni kwamba bila ya zile chale angekuwa amezikwa, na kwamba ndizo zilizomkinga na dada yake pia. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikimenya chungwa lake. Nilifungua kinywa kumjibu, nikagundua kwamba ni sentensi ileile ambayo ningeisema mimi kama angekuwa amechomwa sindano. Nikampa chungwa.

Jioni niliporudi nyumbani nilimweleza mama kila kitu, kwa sauti ya mtu anayetegemea kuungwa mkono. Nilisimulia chale, Buguruni, mtaalamu. Alikuwa akikunja nguo na hakuacha kukunja.

"Nilijua," alisema. "Wiki ya kwanza. Alikunja mkono kutawadha uani, nikaziona."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungefunga mlango."

Nilianza kumweleza daktari alisema nini kuhusu pafu lake. Alinisubiri nimalize, kama mtu anavyosubiri gari la taka lipite.

"Daktari alizungumza na wewe," alisema. "Wewe ukazungumza na mjomba wako. Mimi hapa, mwenye pafu, nani aliniuliza?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa papo hapo. Nilikasirika zaidi. Nilikuwa nimejinyima watu, nimegombana na ukoo, nimekuwa kichekesho cha Mtaa wa Sikukuu kwa ajili ya mwanamke ambaye, kwa macho yake mawili, aliziona zile chale na kumkaribisha mwenyewe akae kitandani kwake. Niliingia chumbani kwangu, nikakaa na hasira yangu mpaka wakati wa chakula. Mezani nilimuuliza, kwa ukali usiofaa kwa mzazi, basi yeye anataka nini.

Alikuwa na jibu tayari, na niliona wazi kwamba alikuwa nalo tangu mwanzo. Alimtaka mdogo wake aje kila siku kama zamani. Achomwe sindano, ya kituo cha afya, muda ambao daktari atasema unafaa. Wakiwa pamoja, dirisha liwe wazi. Akikohoa hata mara moja asije. Na mimi nisisimame ukumbini.

Alimpigia simu mwenyewe. Haikuchukua dakika mbili. Kile ambacho mjomba alinikatalia mimi kwa michoro, kwa takwimu na kwa kunyimwa kuingia, alimkubalia dada yake kwa kusema tu, haya, dada.

Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi chini ya turubai pamoja na watu wachache, yeye akiwa na koti juu ya kanzu kwa sababu baridi ilikuwa haijamtoka mwilini. Zamu yake ilipofika alimpa muuguzi mkono wa kulia, akieleza kwamba wa kushoto una kazi yake. Binti akamchoma, akaweka pamba, akamwambia tayari, babu.

Mjomba alilitazama bega lake, kisha akamtazama binti. "Tayari nini? Hata damu haijatoka."

Njia nzima kurudi Ilala alilalamika. Alisema kitu kisichoacha alama hawezi kukiamini, na kwamba mtaalamu wa Buguruni angalau unaona kazi aliyoifanya. Mama alimsubiri chumbani na kahawa. Kabla ya kikombe cha kwanza kuisha nilimsikia akimwambia dada yake kwamba sasa amekingwa pande zote mbili, kushoto na kulia, na mama akamuuliza huo wa kulia unamkinga na nini, ubishi ukaanza upya, sauti yake mbovu na kikohozi cha kawaida cha mama.

Nilikuwa na maelezo sahihi ya jambo hilo, kamili, tena mafupi. Niliingia, nikafungua dirisha kama nilivyoagizwa, nikatoka.