Shemeji na Nusu Yake

Shemeji yangu ni fundi wa dari. Kazi yetu ni ya watu wawili: yeye anashika bodi juu ya kichwa, mimi nafunga skrubu. Kwa miaka mingi nilifunga bila hata kumtazama, nikijua bodi haitaondoka pale alipoiweka. Mwaka huu ikaanza kutetemeka. Mwanzoni nilidhani ni jukwaa tulilosimamia, halafu nikaiona mikono yake.

Msimamizi naye aliiona. "Mzee, ukiangusha hata moja, natafuta mwingine." Mzee! Siku hiyo shemeji alirudi nyumbani akiikunja na kuikunjua mikono njia nzima.

Ndipo akaanza mazoezi uani. Alichukua bomba la chuma, kila ncha akalifungia makopo ya rangi aliyoyajaza zege, akaunda na benchi la mbao lenye nguzo mbili za kulitundikia. Alilala chali, akawa analisukuma juu. Lakini hakulishusha hadi kifuani. Kila upande wa benchi alipanga matofali, bomba likishuka nusu ya njia linatua hapo.

"Bodi tunaishikia huku juu, mikono karibu imenyooka," alinieleza. "Huko chini nikatafute nini?"

Akili ya fundi hiyo, siwezi kuibeza. Kwa nusu ile alisukuma uzito ambao mimi nisingethubutu hata kuukalia. Dada yangu, mkewe, akampachika jina la Bwana Nusu.

"Na chai nikuletee nusu?" humuuliza.

Nisiwe mwongo, ilimsaidia. Bodi ilitulia kidogo. Ila mwenyewe alikuwa amekwisha. Kutwa mikono iko juu, akirudi analala chini ya bomba, asubuhi hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia.

Jumapili nilienda kuwasalimia. Maji yalikuwa yamevuja jikoni, dada akachukua matofali ya uani kuinulia kabati lisilowe. Hakumwambia mtu. Kwake matofali ni matofali. Shemeji naye, kwa uchovu, hakuangalia. Alilishusha bomba hadi pale linapotua siku zote, akalegeza mikono. Halikutua.

Tulisikia mguno tu. Tulimkuta chali, bomba kifuani, macho yamemtoka. Hakuwa ameumia, alikuwa amewahi kulidaka. Alikuwa tu hawezi kulirudisha juu, maana ile nusu ya chini hakuwahi kuigusa. Dada akashika upande huu, mimi ule, tukamwondolea.

Hakuinuka. Alibaki palepale, machozi yakimwingia masikioni.

"Nimechoka, mke wangu," akasema. "Nimechoka, na nikipumzika kazi imekwenda."

Dada alikaa ukingoni mwa benchi, akalipiga kofi. "Hizi mbao zinakubeba wewe na mazege yako yote. Umewahi kuziona zinatetemeka?"

"Hapana."

"Sasa si ziende kazini zenyewe?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kila fundi wa dari anaujua mti wa kuegemezea: gongo lenye ubao mmoja uliolazwa kichwani, unaukaza chini ya bodi ili uishikilie. Shemeji alikuwa akiudharau siku zote, akisema ni wa wasio na mikono. Sasa alinitazama, nikamtazama. Jioni hiyo tulilivunja benchi, mbao zake tukaziundia mti huo.

Kesho yake tuliipandisha bodi pamoja, akausukuma mti chini yake, akaukaza. Nikafunga skrubu. Msimamizi alipita, akaitazama dari kwa muda mrefu kana kwamba anatafuta kosa, akaenda zake.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa amesimama chini ya bodi, mikono inaning'inia ubavuni, hajui aipeleke wapi. Nikashuka, nikammiminia kikombe cha chai kutoka kwenye chupa. Nikakijaza hadi ukingoni, makusudi.

"Shika hii basi, Bwana Nusu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Haikumwagika.