Plasta ya Hondohondo

Mke wangu ni fundi plasta, na mbele ya ukuta hana adabu. Tukialikwa mahali, hata kiti hajakikalia ameshapapasa ukuta wa wenyeji na kutamka, "Hapa mchanga ulizidi." Aibu nimeizoea. Mwaka wa ishirini huu namchanganyia saruji. Ndiyo, mimi ndiye saidia fundi wa mke wangu. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Mwaka jana tulipata kazi ya kujenga ngazi kwenye mlima ulio nyuma ya jiji, ili wageni wapande kutazama ndege. Ndege wenyewe walibaki wa kuhesabu. Upande mmoja machimbo ya kokoto yameumega mlima, upande wa pili wakata kuni hawana huruma. Miti minene ilikuwa michache, na mmoja, mkavu, ulisimama katikati ya njia yetu. Msimamizi akaamuru uangushwe. Mti uliokufa una faida gani?

Msumeno wa mashine ulikuwa unanguruma mke wangu alipoinua kichwa. Juu kabisa, tundu la mti lilikuwa limezibwa kwa udongo, ukaachwa ufa wa kupenya vidole viwili.

"Zima hiyo!" akafoka. "Plasta ile bado mbichi, haina wiki mbili. Na imesiribwa kutokea ndani."

"Mama, huo si udongo wa mchwa tu?" msimamizi akacheka.

"Mchwa gani? Mle kuna mtu!"

Msimamizi akakunja uso, akampa nusu saa. Huyo mtu asipoonekana, mti chini, na sisi tukusanye miiko yetu twende zetu.

Nikamvuta pembeni. "Mama watoto, kazi hii tumeihangaikia miezi minne. Leo tuipoteze kwa ajili ya tope?"

"Kaa chini, unyamaze."

Nikakaa. Akatuficha wote nyuma ya rundo la mawe, msimamizi naye na kofia yake ngumu. Dakika ishirini zikapita. Sitaki kudanganya, nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia.

Mara mabawa yakavuma. Hondohondo dume, domo hilo, akatua kwenye ule mti. Akatoa tunda kooni, akalisogeza kwenye ufa. Ndani ikachomoza ncha ya mdomo mwingine, ikalipokea. Akatoa la pili. La tatu.

"Mkewe yumo ndani na mayai, kajizibia mwenyewe," mke wangu akanong'ona. "Na huyo wa nje ni saidia fundi."

Wote wakanigeukia. Hata msimamizi alicheka, akaagiza ngazi ziuzunguke mti. Zikaongezeka kumi na moja, na zege lake nililibeba mimi.

Baada ya miezi mitatu tulipanda tena. Tundu lilikuwa wazi, vipande vya plasta vimetapakaa shinani. Mke wangu akaokota kimoja, akakigonga kwa ukucha, akakigeuza upande wa pili. Nikasubiri kasoro, kama kawaida yetu.

"Hapa," akasema, "sina neno."