Hatua Saba Kutoka Kisimani

Siku hizi watu wa kijiji kile cha Kiuyu huteka maji bila kukaripiwa. Haitoki tena sauti nyuma ya ua ikisema, "We, usiiburure kamba chini!" Ndoo hushuka, hugusa maji, hupanda. Mlango wa Bi Ruweida umefungwa, na ukimya wake umetanda pale kama kivuli cha wingu lililosahau kupita.

Kisima ni wakfu wa marehemu mama yake. Bi Ruweida aliamini kuwa kila anywaye pale humpelekea mama yake thawabu huko aliko. Alfajiri, akiinama kuyatazama maji, alihisi mama yumo mule, mbali, akimtazama.

Mwaka juzi watoto waliharisha, mmoja baada ya mwengine. Bwana afya, kijana aitwaye Suhail, akachukua maji kwenye chupa. Aliporudi na majibu alifuatana na sheha, akahesabu hatua kutoka kisimani hadi choo cha Bi Ruweida. Saba.

"Uchafu unapita chini kwa chini, mama. Kimoja kifukiwe. Kisima au choo."

"Si achimbe choo pengine?" akauliza sheha.

"Wapi, Sheha? Kiwanja changu chote jabali. Marehemu mume wangu kavunja sururu tatu hapa."

Jirani yake Mwatum akadakia: "Basi kifukiwe kisima, shoga. Au utakuwa ukenda haja mikarafuuni, tumbili wakuchungulie?"

"Nawachungulie. Washakuona wewe, hawashtuki tena."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Kisima hakifukiwi. Mama yangu nani atampelekea?"

Nyumba isiyo na choo haikaliki, alilijua hilo. Wiki nzima alikaa ukingoni mwa kisima, akisema na maji kwa sauti ndogo, kama mtu anayeaga usingizini. Kisha akabeba mwenyewe pakacha la kwanza la udongo, akalimwaga chooni. Jioni ile alikunja mkeka wake.

Suhail akatia dawa kisimani, akapima, akapima tena. Mvua zikaja, zikapita. Mara ya tatu maji yalitoka salama, naye akapanda baiskeli kumpelekea habari.

"Wanakunywa?" Bi Ruweida aliuliza.

"Wanakunywa, mama."

Bi Ruweida sasa anaishi Ole, kwa kaka yake, katika chumba cha nyuma, na analima muhogo.