Mwalo Ambao Hatukuwahi Kuuchagua

Wakati wetu sisi watoto wa Ujiji, Jumamosi ilikuwa na swali moja tu, nalo liliulizwa hata kabla chai haijachemka: leo tunakwenda mwalo gani? Nyumbani tulisema tunakwenda kuokota kuni. Kuni zenyewe tulizikumbuka wakati wa kurudi, tukabeba vijiti vichache vya kuondolea aibu, na mama zetu wakavipokea bila kuuliza kwa nini kuni zimechukua siku nzima.

Msidhani tulikwenda popote tu. Ziwa letu lina mialo mingi, fukwe za kushukia maboti na kuoga, na sisi ndio tuliokuwa mahakimu wake. Wa kwanza ulikuwa Katonga. Mchanga wake ni mweupe, maji yake unaona vidole vyako vya miguu vikichezacheza chini, na kulikuwa na samaki wa kuchoma, migebuka, ambao harufu yao ilitupokea kabla hatujamaliza mteremko. Wa pili Bangwe, kwa sababu ya mawe ya kurukia. Wa tatu Kibirizi, si kwa maji yake yaliyojaa mafuta ya injini, bali kwa maandazi na kelele na maboti yaliyopakia chumvi ya Uvinza kupeleka ng'ambo ya ziwa. Mwalo wetu wenyewe wa Ujiji tuliuweka chini, maana huko ndiko mama zetu walikofua na shangazi zetu walikoanika dagaa, na kila mtu mzima uliyekutana naye alikuwa na ruhusa ya kukuchapa. Luiche, pale mto unapoingia ziwani, hatukuuhesabu kabisa. Kulikuwa na tope, matete na mamba. Wakati wa kuchagua hakuna aliyelitaja jina lake.

Mwenyekiti wa uchaguzi alikuwa Sele, mtoto wa mjomba wangu, aliyekuwa amenipita umri kidogo na akanipita sauti sana. Tukirudi tulikuwa na mtihani. Mama aliniita, akanishika mkono, akanikwaruza kwa ukucha. Ukitokea mstari mweupe kama wa chaki, basi umeoga ziwani na huna la kujitetea. Ndipo Sele akagundua kujipaka mawese kabla ya kuingia nyumbani. Mstari ulipotea kweli, lakini tulinuka kama masufuria, na Mama akacheka kwanza ndipo akachapa. "Ukifa maji huko, usirudi hapa kunieleza," alikuwa akisema. Nililifikiria sana agizo lile, nikawa sioni nitalivunjaje.

Vijana wa siku hizi nao wanachagua, siwanyimi haki yao. Binti yangu hajalowesha unyayo, tayari ameshatazama picha za watu waliolowa. Anataka kujua kama pana kivuli, kama pana soda baridi, kama pana mahali pa kuchajia simu. Kisha wanapanda bodaboda kutoka Gungu tunakokaa sasa, wanafika, wanapiga picha wamegeuzia maji mgongo, wanarudi wakavu. Namwuliza, ulikwenda kufanya nini? Ananiambia, Mama, wewe huelewi. Yawezekana.

Basi ikaja Jumamosi moja ya miaka ile ya wakimbizi. Wakimbizi tulikuwa tumeshawaona, msinielewe vibaya. Warundi walikuwa wamekuja kabla, na tulizoea malori yao yakipita barabarani na watu wamekaa juu ya mizigo. Lakini wale walikuja kwa miguu na walikuja huko juu, mbali na maji. Ziwa lilikuwa letu. Hakuna aliyetuambia kwamba vita vya ng'ambo vinaweza kupanda boti.

Tulikatiza mwalo wa Ujiji asubuhi ile tukielekea Katonga, mimi na Sele, na mchanga haukuonekana. Nasema haukuonekana. Palikuwa na watu kuanzia kwenye maji hadi kwenye kuta za nyumba, na magodoro, na mbuzi, na cherehani, na mzee mmoja aliyevaa suti na tai, miguu peku. Nilishtuka hata nikamshika Sele mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sikulirudia. Kilichonitisha zaidi ni ukimya wao. Watu wengi kiasi kile, halafu nasikia maji yakigonga mitumbwi.

Mshtuko wa pili ulikuwa Bibi yangu, mama yake baba. Yeye alitulea tukijua kwamba sisi ni watu wa Ujiji, basi, na mtu wa ng'ambo akipita kuuza mawese alimcheka lafudhi. Nikamwona katikati ya umati ule, khanga imemteleza kichwani bila yeye kujali, anasema na vikongwe kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Nikamwuliza Sele anasema nini. Sele, mwenye jibu la kila kitu, akasema hajui. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba ni Kibwari, kwamba babu zake Bibi walitoka Ubwari, rasi ya huko ng'ambo, na kwamba alikuwa anaulizia ukoo wake.

Pembeni ya Bibi alisimama msichana wa umri wangu, amebeba sufuria tupu kifuani. Alinitazama mimi, si Bibi.

"Niko natafuta mudogo wangu," akasema. "Anaitwa Alimasi. Watu walisukumana, wakamutupa mu boti ingine."

Msichana huyo aliitwa Riziki. Mama yao alikuwa amebaki ng'ambo kumngoja baba, akaahidi kufuata. Alimpa Riziki mdogo wake wa kiume, mtoto ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaanza kung'oka, akamwambia amshike mkono asimwachie. Riziki aliusema huo mkono mara nyingi, akitunyoshea wake tuuone. Na mtu mmoja mwenye fulana ya shirika la wakimbizi alikuwa anatangaza kwamba malori yataanza kubeba watu asubuhi inayofuata kuwapeleka kambini, na makambi ni zaidi ya moja. Hata mimi nilielewa. Kama Alimasi asingepatikana siku ile, angepanda lori lake na dada yake lori lake.

Sele akasema, "Sisi mialo yote tunaijua." Na kweli tuliijua. Nilijisikia mkubwa wakati ule, nawaambia ukweli. Tukachagua kama tulivyochagua siku zote: Katonga kwanza, kisha Bangwe, na Sele aazime baiskeli aende Kibirizi. Hakuna aliyeona kosa. Tuliamini kwamba mtu aliyetoka mbali, akiiona pwani yote imelala mbele yake, atashuka pale penye mchanga mweupe. Tungekuwa sisi, tungeshuka Katonga.

Nilikwenda na Riziki kwa miguu. Katonga ilikuwa nzuri siku ile kuliko nilivyowahi kuiona, na nilikasirika kwa sababu hiyo. Maboti mawili yalikuwa yamefika, watu wake tuliwauliza mmoja mmoja. Hapana. Bangwe palikuwa na wavuvi tu wakishona nyavu. Hapana. Riziki hakulia. Alipanda juu ya jiwe letu la kurukia akaliita jina la mdogo wake kuelekea majini, na mimi nikakaa chini kumngoja. Tuliporudi Ujiji jua limeshaanza kushuka, Sele alikuwa amefika, ameegemea baiskeli ya watu, anatikisa kichwa.

Bibi akauliza, "Na Luiche?"

"Luiche hakuna mtu anayekwenda, Bibi," nikamwambia. "Pabaya."

Akanitazama kama anayenitafuta ndani ya uso wangu. "Kwani hawa wamekuja kuogelea?"

Mjue kwamba Bibi wakati ule alikuwa analalamika magoti hata kwenda sokoni. Akaifunga khanga kiunoni, akatangulia. Tulimfuata kwenye njia ya mashamba ya mpunga, kisha kwenye tope, kisha kwenye matete yaliyotupita vichwa. Mimi nilikuwa nawaza mamba. Nadhani na Sele pia, maana alikanyaga palepale Bibi alipokanyaga.

Boti lilikuwa limelala ubavu ndani ya matete. Mafuta yaliwaishia, mkondo ukawasukuma, wakashuka pale walipofikishwa. Watu wachache walikuwa wamesimama kwenye kipande kidogo cha ardhi kavu, wamebanana, wanaogopa kwenda mbele na kurudi nyuma. Katikati yao, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa mtoto mdogo aliyevishwa blauzi ya mwanamke hadi kwenye magoti. Riziki alidondosha sufuria.

Nilitarajia mtoto yule akimbie, amkumbatie dada yake, kama mtoto yeyote. Alimasi alishuka kwenye ndoo polepole, akasogea, akamzaba Riziki kofi la shavu.

"Uliachilia," akasema.

Riziki akapiga magoti kwenye tope, akamgeuzia shavu la pili. Alimasi hakupiga tena. Alimshika dada yake kidole, mkono mzima ulikuwa hauenei kiganjani mwake, na njia yote ya kurudi hakukiachia hata tulipovuka mfereji. Nililia mimi, ambaye hakuna aliyenipotea. Sele alijifanya anatafuta njia mbele.

Asubuhi Bibi aliwapeleka wote wawili mbele ya mtu wa fulana, akamwambia kwa sauti iliyonyooka, "Hawa ni wajukuu zangu, wanabaki kwangu." Bibi yangu huyo, aliyetuosha vinywa kwa sabuni kwa uongo mdogo kuliko ule. Mtu yule alikuwa amechoka, angekubali. Aliyekataa ni Riziki.

"Hapana, Bibi. Aksanti sana. Mama atatutafuta kwa watu wetu, hawezi jua kwako."

Kwa umri wangu mimi nilikuwa bado nadanganya kuhusu kuni. Nilimtazama nikaona haya ya umri wangu. Lori lilipowashwa aliinama akaniambia mimi, si Bibi, "Mama akifika, mumuambie tuko pamoja. Asitutafute mara mbili." Alimasi alikuwa bado ameshika kidole.

Tangu siku ile uchaguzi wetu ukafa. Kila Jumamosi tulikwenda Luiche, mimi, Sele na Bibi, kwa sababu maboti yaliendelea kuishiwa mafuta na mkondo ulikuwa uleule. Hatukuogelea. Mama alijua tunakokwenda na hakunikwaruza tena mkono. Kila mwanamke aliyeshuka peke yake nilimwuliza, "Wewe ni mama yake Riziki?" Wengi walitikisa kichwa wakapita. Wengine walisimama kidogo kwanza, ndipo wakatikisa. Mimi niliona wamechoka tu.

Kisha siku moja mwanamke mmoja akasema, "Ndiyo."

Nilimrukia. Nikamweleza yote bila kupumua, kwamba Riziki yuko salama, kwamba Alimasi tulimpata hapahapa kwenye ndoo, kwamba wamepanda lori moja, wako pamoja. Mwanamke alisikiliza huku ameniwekea mkono begani. Akauliza, "Walikula?" Nikamwambia walikula ugali wa muhogo na dagaa, na Alimasi aliomba tena. Akauliza kama walikuwa na nguo. Nikamwambia Mama aliwapa. Alitabasamu. Ndipo Bibi, aliyekuwa anatusikiliza, akamwuliza taratibu, "Na mume wako ulimpata?"

Mwanamke akamgeukia. Akamjibu Bibi kwa Kibwari, maneno machache, huku mkono wake bado uko begani kwangu. Bibi akakaa palepale kwenye tope, akamvuta na yeye akae. Nilisubiri mtu anitafsirie. Mwishowe Bibi akasema, "Watoto wake ni wengine. Hajui waliko. Alitaka kusikia tu."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka asubuhi ile ya mchanga uliopotea, na mpaka leo, nikiwa mama mwenye watoto wangu, mshtuko ule haujanitoka. Nilimkasirikia. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa anarudia kwa midomo, bila sauti, majina ya watoto wasio wake, na hasira ikaniisha nisijue imekwenda wapi. Mama yake Riziki sikumwona kamwe. Huenda alishukia Kibirizi, akapanda lori, akawakuta. Huenda hakuvuka. Sijui, na Bibi alifariki akiwa hajui.

Sasa Jumamosi binti yangu na wenzake wanabishana juu ya mialo huku wameinamia simu, na mara nyingi Katonga inashinda, kama zamani zetu. Nawafuata, nawabebea maji na vitafunio, nakaa kivulini. Mchanga ni uleule na maji bado unaona vidole. Enzi zetu ilikuwa raha sana, nawaambia, na wao wananijibu kwamba hata sasa ni raha, na wanasema kweli. Wao wanatazama picha walizopiga. Mimi natazama boti linaloingia, na mwanamke akishuka peke yake, nakuwa nimeshasimama.