Ziwa la Saa Tisa Usiku

Wifi yangu ni mkata nguo, si mshonaji, na ukichanganya hayo mawili mbele yake utajuta. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, basi tena. Katika karakana ya sare za shule anakofanya kazi, hutandika vitambaa tabaka arobaini, huchora kwa chaki, kisha hupitisha mashine ya umeme yenye wembe unaolia kama nyigu. Wenzake humwita Mkasi. Alianzia meza ya vifungo akiwa msichana, na kwa miaka sita meza kubwa ya kukatia imekuwa yake.

Kisha akamzaa Bosi.

Jina hilo nililitoa mimi, kwa sababu mtoto yule akiita lazima uende. Mchana nilikuwa naenda mimi. Mimi ni mjane, sikujaliwa mtoto, na kaka yangu alinichukua nikae kwao nimlee mwanawe wakati mkewe yuko kazini. Usiku alikuwa anaenda wifi: saa nne, saa saba, saa tisa. Kaka yangu ni mlinzi wa usiku. Analinda usingizi wa watu asiowajua, na wa mkewe hauna mlinzi.

Bosi alipofikisha miezi kumi na moja, wifi alikuwa amebaki macho tu. Alikuwa anasinzia huku anapiga mswaki. Siku moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote. Nilimhurumia, lakini zaidi nilimkasirikia. Mtoto anakula uji, viazi, na chochote kinachopita mbele ya pua yake. Muuguzi wa kliniki alimpima akasema uzito ni mzuri, kunyonya usiku hakuhitaji tena, mama amwachishe taratibu. Wifi akaitikia vizuri kabisa. Usiku uleule, saa tisa, nikasikia kitanda kinalia na yeye anajikokota.

"Wifi, mchelea mwana kulia hulia yeye," nilimwambia asubuhi.

"Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akanijibu, hata macho hakufungua.

Nikamchukua Bosi nikaenda kumpikia uji.

Jumanne ya wiki ile ndipo mambo yalipoharibika. Kitambaa cha sare kina upande wa nje na upande wa ndani. Ukishakata mikono ya kushoto, lazima ukigeuze kielelezo cha karatasi unachokifuata kwa chaki ndipo ukate ya kulia. Mtoto wa shule mwenyewe angeelewa. Wifi hakukigeuza. Akakata mikono themanini ya mashati, yote ya kushoto.

Mwenye karakana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha wifi. Aliinua mikono miwili ya shati, akaiangalia kwenye mwanga, akasema, "Mkasi, hawa wanafunzi wako wanasoma shule gani?" Wenzake wakacheka. Kisha akamshika mkono akauona ukucha wa kidole gumba. Wembe ulikuwa umepita na ncha yake, na wifi hakuwa na habari.

"Siku nyingine kitakwenda kidole," akamwambia. "Pumzika unavyojua wewe. Jumatatu nikikuona hivi tena, unarudi meza ya vifungo."

Aliyasimulia hayo amesimama mlangoni, mkoba bado begani. Hakulia. Nadhani machozi nayo yanataka nguvu.

"Leo Bosi analala kwangu," nikasema. "Na usinibishie."

Hakubisha. Usiku wa kwanza mtoto alilia mara mbili, nikampa maji kwa kikombe, nikampapasa mgongo mpaka akachoka. Chini ya mlango niliviona vivuli vya miguu ya wifi, amesimama nje kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Usiku wa pili alilia mara moja, kidogo. Nikaanza kujisifu moyoni. Usiku wa tatu nilishtuka saa tisa, nikapapasa kando yangu, mtoto hayupo.

Niliwakuta sebuleni gizani, wifi kwenye kiti kidogo, Bosi kifuani. Mtoto hata macho hakuwa amefumbua. Ananyonya na usingizi wake.

"Amelia?"

Akamfunika mtoto miguu kwa khanga.

"Wifi, nakuuliza, amelia?"

"Hajalia."

"Kwa hiyo umemwamsha wewe?"

Aliinamisha kichwa. "Hii ya saa tisa aliiacha mwenyewe, kama mwezi sasa. Namwamsha mimi."

Nilitaka kupiga kelele za kuamsha mtaa mzima. Mwezi mzima! Mimi namlaumu mtoto, mwenye karakana anamngoja ateleze, na yeye mwenyewe ndiye anayejikatia usingizi.

"Unavitaka vidole vyako au huvitaka?" nikamwuliza.

"Navitaka."

"Sasa nini?"

Akamweka mtoto vizuri kifuani. "Kuna siku nilirudi mapema, mkiwa uani mnaanua nguo. Nikamsikia anakuita mama."

Hasira yote ikaniishia. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameanza zaidi ya mwezi mmoja nyuma, na mimi sikumwambia mtu. Sikumfundisha, lakini wala sikumsahihisha. Ilikuwa tamu, nidanganye ili iweje?

"Natoka amelala," wifi akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kulalamika. "Nikirudi umeshamwogesha, umeshamlisha, macho yanamfumba. Nikimtoa ziwa la usiku, wifi, mimi nimebaki nani wake?"

Nilikaa chini pale sakafuni, mgongo ukutani. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akaliachia ziwa mwenyewe.

Asubuhi nikamwambia: "Kuanzia leo simwogeshi jioni, na chakula cha jioni simlishi. Nitamlaza alasiri, ukifika utamkuta macho makavu. Atanyonya ukirudi, atanyonya kabla ya kulala. Usiku unalala. Na saa hizo mimi natoka."

"Unatoka unaenda wapi?"

"Nje. Kwani sina miguu?"

Jioni alifika, akanawa mikono, akaketi, akamchukua. Bosi alimtazama, akanigeukia mimi, akaninyooshea mikono yote miwili na kuniita lile neno, mbele yake. Wifi alinitazama. Nikavaa ndala nikatoka.

Nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, ng'ambo ya barabara. Nakijua kila kilio cha mtoto yule, cha njaa, cha usingizi, cha ukaidi. Hiki kilikuwa cha kuniita mimi. Mara mbili nilisimama. Mara ya pili nilikuwa nimeshafika katikati ya barabara, mwenye baiskeli akanitukana, ndipo nikarudi kukaa. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakoma. Baadaye dirishani nikasikia wifi anacheka, na mtoto anacheka naye. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Kisha nikafunika uso nikalia.

Tulikwenda hivyo siku ya pili na ya tatu. Jumatatu wifi aliingia kazini akakata mikono ya kushoto na ya kulia, na meza ikabaki yake. Bosi amerudi chumbani kwa mama yake, na wote wawili wanalala moja kwa moja mpaka alfajiri.

Mimi ndiye ninayeamka saa tisa. Nakaa kitandani nasikiliza, na hakuna anayeita.