Baba mkwe alivyomnyooshea askari wa Texas "chai" akiwakimbia cartel

Wakuu, habari za mihangaiko. Chumvi sijaongeza. Mwenye uwezo wa kunikosoa ni mmoja tu, baba mkwe, naye hayumo humu.

Naishi Carrollton, hapa Dallas. Mzee alikuja kututembelea kutoka Dodoma. Ni mstaafu, mtu wa ibada, hana neno na mtu.

Shida ilianza nilipompa password ya wifi.

Akagundua video za cartel za Mexico, yale magenge ya dawa za kulevya. Asubuhi chai na cartel, mchana ugali na cartel. Mke wangu akirudi shift anapewa taarifa ya habari: kiongozi kanunuliwa, polisi wameuza raia.

"Serikali imeoza ile! Askari anachukuaje hela ya muuaji?" Anatetemeka kwa hasira kabisa.

Nikamwambia Baba, Mexico ni mbali. Akauliza kwa gari ni mwendo wa saa ngapi. Nikabadili mada, maana Texas imepakana na Mexico na jibu lake halifariji.

Jumamosi moja tukaondoka wawili kwenda Houston. Shemeji yangu alikuwa anabatiza mtoto kesho yake, na mke wangu alishatangulia na binti yetu Neema.

Tulipoumaliza mji tu, Mzee akaona pickup nyeusi nyuma yetu, vioo tinted.

"Baba Neema, tunafuatwa."

Wakuu, Texas pickup nyeusi ni kama baiskeli Shinyanga. Lakini akaniamuru nipunguze mwendo ipite. Ikapita. Ikaja nyingine. Mkwe ni mkwe, nikapunguza tena. Mwisho tukawa tunatambaa kwenye highway, malori yanatupigia honi.

Askari akawasha taa.

Mzee akasema, "Hawa ndio wanaouza watu. Niachie mimi."

Askari akaja dirisha la upande wa Mzee, akaomba leseni yangu. Kabla sijaitoa, Mzee keshanyoosha passport yake huku anatabasamu. Ndani yake noti ya dola ishirini inachungulia.

Hapa kumhonga askari ni jela. Nikaiona visa ya Mzee inafutwa, nikamwona mke wangu kanisani ananiuliza baba yake yuko wapi.

Nikaipora ile passport. Kosa lingine hilo, maana mbele ya askari wa hapa huruhusiwi kurukaruka. Akarudi nyuma hatua moja, mkono kwenye bastola kiunoni.

"Hiyo hela ya nini?"

"Sir, baba mkwe ananichangia mafuta."

Akatutazama weee. Kisha akasema wa kwake hajawahi kumchangia hata soda. Akanipa warning ya mwendo wa kobe, akamwambia Mzee God bless you.

Tukaondoka. Mzee akatikisa kichwa.

"Umeona? Kakataa kwa sababu ni kidogo."

Hapo nikalipuka. Nikamwambia Baba, wiki tatu unawalaani askari wa Mexico, leo umefanya nini?

Nikajua nimemvunjia heshima, nikajuta. Halafu Mzee akasema, anatazama nje:

"Kazi yangu ilikuwa mizani, kupima malori. Sikuwahi kukataa hela ya dereva. Wakiniambia nisifungue turubai, sifungui. Siku hizi nikiangalia hizi video najiuliza mle ndani kulikuwa na nini."

Nyumba aliyokulia mke wangu imejengwa na turubai zile.

Nilichojifunza: mtu akilaani sana uozo wa nchi nyingine, usimkatize. Huenda anaungama.

Mke wangu hajui lolote mpaka leo. Wenye wakwe, nishaurini: nimwambie au nife nayo?

Maana kesho yake kwenye ubatizo, padri aliuliza kama tunamkataa shetani na mambo yake yote. Kanisa zima likajibu kwa pamoja. Mzee alijibu peke yake, watu walipokwisha kunyamaza.